Usisalimie kwa Shingo

Nyinyi vijana mnaoingia wodini na viatu vya raba na saa za kuning'inia kifuani, kaeni hapa kidogo, chai ipo. Mnaniuliza kila mara kwa nini mzee huyu akiwa kanisani hamtazami mhubiri, anatazama watu nyuma ya shingo. Ni kweli. Mke wangu amenigombeza kwa hilo tangu tuoane. Lakini mtu aliyechunga mbuzi miaka mingi hawezi kupita karibu na mbuzi bila kuangalia kwato, na mimi nilichunga shingo.

Shingo za watu, ndiyo. Katika hospitali yetu pale Nyeri, miaka ile baada ya Uhuru, nilikuwa dresa wa wodi ya mifupa. Dresa ni yule mtu wa bandeji na plasta, wa kubeba, kugeuza, kuosha na kutukanwa. Shule nilifika darasa la tatu, nikaacha kwa sababu ya mambo ya wakati ule ambayo tukianza kuyasema chai itapoa. Kwa hivyo msiningoje niseme majina ya Kizungu ya mifupa. Nilijua tu kwamba shingo ina vipande saba, vimepangwa kama shanga kwenye kamba, na katikati yake inapita ile kamba yenyewe, inayobeba habari zote kutoka kichwani kwenda mikononi na miguuni.

Na jambo la kwanza mshike ni hili. Mkiona mtu anainuka kitini huku ameshika kidevu na kisogo kwa mikono miwili, kana kwamba kichwa chake ni nyungu ya maji aliyoazima kwa jirani, msimwambie alilalia mto vibaya. Mpelekeni hospitali. Huyo mifupa ya shingo inaliwa.

Ingawa siku moja huko Othaya niliona mwimbaji wa kwaya anaimba akiwa ameshika kidevu hivyo hivyo. Nikaacha maombi, nikapita katikati ya akina mama, nikamshika mabega nikamwambia, "Kijana, usisonge, usigeuke, kaa pole pole." Wimbo ukakatika. Akaniambia, kama mjukuu kwa babu yake, "Guka, ni jino." Tangu siku hiyo kwaya ya Othaya wakiniona wananishikia videvu.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mikono kama sepetu. Mimi jina langu ni Gathogo, lakini yeye aliniita Kamau mpaka siku alipostaafu. Nilimwambia, "Mzee, mimi si Kamau." Akasema, "Nyinyi wa huku wote ni Kamau, tofauti ni mashamba." Na mimi nikamwuliza kama kwao kuku wana majina au wanaliwa kabla ya kubatizwa. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Plasta alinifundisha kwa kuniacha niharibu. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nyeri inayouma mpaka kucha. Nikahurumia vidole vyangu, nikamimina maji moto ya chai ndani ya karai ya plasta. Hamjui kinachotokea? Plasta ikishika joto haingoji mtu. Ilinigandia mikononi kabla sijaifikisha kwa mgonjwa, nikabaki nimesimama kama bondia. Wafula akaleta msumeno, akaangalia mguu wa mgonjwa, akaangalia mikono yangu, akauliza, "Kamau, leo tunatibu nani?" Basi maji yawe ya vuguvugu, kama ya kuogesha mtoto mchanga. Na ulainishe kwa viganja, usibonyeze kwa ncha ya kidole, kwa sababu alama ya kidole chako ikikauka huko ndani itakuwa kidonda ambacho hukioni mpaka kinuke.

Turudi kwa shingo. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ulikuwa kifua kikuu, TB. Watu hudhani TB ni ya kukohoa tu. Inaweza kuingia kwenye mfupa na kuula pole pole, kama mchwa anavyokula nguzo ya ghala. Kwa nje ghala limesimama. Siku moja unapanda na debe la mahindi, linaanguka. Na usaha nao unajikusanya mbele ya mfupa, nyuma ya koo, mpaka mgonjwa akimeza uji anakunja uso, na sauti inabadilika kama ya mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Mfupa ukiporomoka unabana ile kamba. Mikono inakufa ganzi, kisha miguu, na mkichelewa sana hata pumzi.

Dawa ilikuwepo, sindano za kila siku na vidonge vya kujaza kiganja. Lakini dawa haikamati shingo isivunjike. Kwa hivyo daktari alikuwa anachoma vyuma viwili vidogo kwenye fuvu, pande mbili juu ya masikio, na kamba inavuta kutoka hapo kupitia kigurudumu kilichofungwa upande wa kichwani wa kitanda, mwisho wake uzito unaning'inia. Wagonjwa waliviita pembe. Kando ya kichwa tunaweka mifuko ya mchanga ili kisigeuke. Mchanga wetu dereva wa hospitali alituletea kutoka mto Sagana, kwa sababu Wafula alikataa mchanga mwingine wowote. Alisema wa Sagana umeoshwa na mto mpaka umetubu. Nilikuwa nauchekecha mimi, maana kijiwe kimoja kwenye sikio la mtu anayelala chali miezi mitatu, huyo mtu atakuota vibaya.

Sasa mtashangaa nikiwaambia adui yetu mkubwa katika wodi hiyo alikuwa nani. Ilikuwa ni adabu.

Ndiyo, adabu. Watu wa huku wamelelewa. Mtu mzima akiingia, huwezi kubaki umelala ukimtazama kama mjusi. Tulikuwa na fundi wa nguo kutoka Karatina, kijana mpole, alikuwa bado anangoja kuwekewa pembe, amelazwa tu kati ya mifuko ya mchanga. Saa ya wageni baba mkwe wake akaingia. Na nyinyi mnajua mkwe kwetu ni nani. Fundi hakufikiri. Aliinua kichwa na bega ampe mkono. Ule mkono aliotoa ulianguka kabla haujashikwa. Alipona TB, alirudi nyumbani, lakini cherehani hakuikanyaga tena, na mkewe ndiye aliyemlisha. Baba mkwe alikuwa akija kila Jumapili kukaa naye. Hakuna aliyekosa pale. Walisalimiana tu.

Baada ya hapo Wafula alikuwa anasimama mlangoni saa ya wageni kama askari. "Hapa hakuna kusalimia kwa shingo! Salamu ni kwa mdomo! Mama, wewe wa kitambaa chekundu, usimwinamie, atakuinukia!" Akaning'iniza kioo cha kunyolea juu ya kila kitanda cha shingo, amekilaza kidogo, ili mgonjwa amwone mgeni tangu mlangoni bila kugeuka. Mtu akishamwona mgeni, ile hamu ya kuinuka inapungua. Mkiwa na mgonjwa wa shingo, wekeni kioo. Hiyo siyo dawa ya duka lakini inafanya kazi.

Basi akaja Naisiae.

Alikuwa binti mkubwa wa Kimasai kutoka Doldol, umri wa kuolewa. Aliletwa na lori la mfanyabiashara wa mifugo, amelala katikati ya mbuzi, na njia yote ameshika kidevu chake mwenyewe. Hakulia. Alipoteremshwa alisema jambo moja tu, "Hawa mbuzi wamenikanyaga kwa heshima." Hapo Wafula akampenda. Tukamwekea pembe. Kila asubuhi nilimpa vidole vyangu viwili nikimwambia, "Finya." Mkono wa kushoto ulifinya vizuri. Wa kulia ulikuwa kama kushikwa na mtoto anayesinzia, na kila siku ulizidi kusinzia. Uji nao ulianza kurudi kupitia puani.

Sista Perpetua, mkubwa wa wodi, mtu wa Machakos asiyecheka ila kwa miadi, akatuambia bila kuzunguka: "Usaha unasukuma kamba. Daktari wa mifupa anapanda kutoka Nairobi wiki hii. Ataingilia mbele ya shingo, atoe uchafu, aweke mfupa mwingine. Asipopasuliwa safari hii, tukingoja daktari aje tena, tutakuwa tunamgeuza huyu mtoto maisha yake yote, kama atakuwa nayo."

Naisiae alisikia yote. Akasema, "Sawa. Lakini kwanza baba aje anishike kichwa."

Kwao mtoto anasalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa anakiwekea kiganja utosini. Ndiyo salamu, na ndiyo baraka. Mtu haendi mbali bila huo mkono. Na yeye aliona anakwenda mbali kuliko mahali popote alipowahi kwenda. "Mkinikata bila mkono wa baba," alisema na ile sauti yake ya kiazi moto, "mtakuwa mmekata mtu ambaye hajaagwa."

Habari zikatumwa Doldol kwa lile lile lori. Na daktari alifika kabla ya baba. Akaangalia picha, akampima, akasema kesho, na kesho kutwa yeye anateremka Nairobi. Sista akamwambia Naisiae. Naisiae akafumba macho.

Baba alifika asubuhi hiyo ya kesho, Mzee Parsaloi, mwembamba, blanketi begani na fimbo mkononi, anazungumza Kiswahili cha soko la ng'ombe. Alisimama mlangoni. Wafula alikuwa anamwambia salamu ni kwa mdomo, lakini mzee alikuwa ameshaita kwa lugha yao, "Takwenya!"

Mimi nilikuwa kando ya kitanda. Niliona kwenye kioo macho ya Naisiae yakifunguka, na nikaona kidevu chake kinaanza kushuka kuelekea kifuani, pole pole, kama mtu anayevutwa na kitu kilichomo ndani yake tangu kuzaliwa. Nikaweka mikono miwili kwenye mashavu yake nikamshikilia. "Iko," akajibu kwa lugha hiyo hiyo, akiwa ndani ya mikono yangu, na machozi yakanishukia vidoleni.

Mzee aliona mwanamume mgeni amemkamata binti yake kichwa, na vyuma vimetoka kwenye fuvu. Akarudi nyuma.

"Nani alifunga kichwa ya mtoto yangu?"

"Haijafungwa, Mzee," Wafula akasema. "Imeshikwa."

"Mimi nasalimu, yeye hapana leta kichwa. Hiyo si kufungwa?" Akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya mahali pa kufulia, akatazama ukuta.

Sista akasema mgonjwa anangojwa kabla ya saa sita. Naisiae akasema hatoki kitandani. Daktari akaja, akaeleza vizuri kabisa, na Naisiae akamsikiliza vizuri kabisa, kisha akasema, "Ndiyo, daktari. Baba kwanza." Daktari akatutazama sisi, na sisi tukatazama miguu yetu. Wafula akanituma nimpelekee mzee chai.

Nikakaa naye kwenye ngazi. Nikamwuliza habari za mvua, habari za malisho. Akaniuliza kama mimi nina ng'ombe. Nikasema mmoja. Akanihurumia waziwazi. Kisha akauliza, "Huyo mrefu alisema kichwa imeshikwa. Inashikwa namna gani?"

Nikamwambia, "Njoo uone, Mzee. Ni saa yake ya kugeuzwa."

Kugeuza mtu wa shingo, sikilizeni vijana, ni watu wanne. Mmoja mabega, mmoja kiuno, mmoja miguu, na mmoja kichwa. Mwenye kichwa ndiye anayetoa amri, hata kama mwenye miguu ni daktari mkuu. Hakuna anayesonga kabla hajasema, na akisema, mwili wote unageuka pamoja kama gogo. Siku hiyo kichwa kilikuwa cha Wafula. Alipiga magoti, akakishika kati ya viganja vyake vya sepetu, akasema, "Tayari? Geuza." Tukageuza. Naisiae akaenda upande bila hata nywele kutikisika. Tukaweka mito, tukamwosha mgongo. "Tayari? Rudisha." Tukarudisha.

Mzee Parsaloi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakupepesa macho. Halafu akamwambia Wafula, "Wewe mkubwa ya hawa?"

"Hapana. Mkubwa ni Sista."

"Lakini wote nangojea wewe."

"Wanangojea kichwa, Mzee. Mimi nakishika tu."

Mzee akaegemeza fimbo ukutani, akavua blanketi, akalikunja, akaliweka sakafuni nyuma ya kitanda. Akamwambia Sista, "Leta maji. Mimi naosha mkono."

Sista alimwosha mwenyewe, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, kisha kwa spiriti. Mzee akanusa mkono wake akasema, "Hii ni pombe." Sista akasema, "Ni pombe ya mkono tu." Na nawaapia, Sista Perpetua alicheka bila miadi.

Halafu yule mzee akapiga magoti juu ya blanketi lake. Mtu wa rika lake, mbele ya binti, mbele yetu wageni. Akashuka mpaka kichwa chake kikawa chini kuliko cha mtoto, akainua mkono kutoka huko chini, na Sista akauongoza kati ya vile vyuma viwili bila kuvigusa, mpaka kiganja kikatua utosini. Akasema maneno mengi kwa Kimasai. Naisiae alinitafsiria baadaye machache tu: kwamba leo kichwa chako hakiwezi kuja kwangu, kwa hivyo nimekuja mimi kwake.

Ndipo akakusanya mate mdomoni.

"Hapana!" Sista akaruka. "Mate hapana! Anakwenda kupasuliwa!"

"Baraka bila mate?" Mzee akauliza, kweli kweli akitaka kujua. "Hiyo ni ng'ombe bila maziwa."

Wakatazamana. Sista akafikiri, akamtazama binti kutoka juu mpaka chini. "Miguuni," akasema. "Nyayo tu. Na nitapaosha."

Mzee akaenda upande wa miguu, akatema kidogo kwenye unyayo mmoja, kidogo kwenye mwingine, kwa ufundi mkubwa. Akaweka kidole kwenye karatasi ya ruhusa. Naisiae akasema, "Twendeni."

Nilikuwa ndani wakati wa upasuaji, kazi yangu ikiwa kuangalia uzito usiguse kitu. Daktari alipasua ubavuni mwa koo, akasogeza mshipa mkubwa na koromeo kando kama unavyosogeza pazia, akafika kwenye mfupa kwa mbele. Usaha ulitoka mzito kama maziwa yaliyoganda. Akakwangua ule mfupa uliooza mpaka akafika palipo hai, panapotoa damu. Kisha akakata kipande kutoka mfupa wa nyonga yake mwenyewe Naisiae, akakichonga, akakigonga taratibu mahali pa kile kilicholiwa, kama fundi anayetia kipande kipya kwenye nguzo bila kubomoa ghala. Mimi sikupumua. Nadhani hata yule wa dawa ya usingizi hakupumua, ila alikuwa akimpumulia Naisiae.

Asubuhi iliyofuata nikampa vidole. "Finya." Wa kushoto sawa. Wa kulia bado. Nikamwambia bado mapema. Kesho yake nikasema hivyo hivyo, na siku zikapita, na mimi nikawa nachukia kumpa ule mkono. Siku moja nilikuwa nageuka kumjibu Wafula kuhusu ufagio uliopotea, nimesahau vidole vyangu kwake, nikasikia kitu. Nikamtazama. Akasema, "Hukuniambia nifinye, nimefinya bure." Wafula akatupa kile alichokuwa ameshika. Sikumbuki ni nini, lakini kilikuwa cha kuvunjika, na Sista hakuuliza.

Mfupa uliposhikana tulitoa pembe, tukamvika plasta kubwa, kuanzia paji la uso, kuzunguka kisogo na kidevu, mpaka kiunoni, uso tu ndio unachungulia. Pamba nyingi chini ya kidevu, msisahau. Na plasta ikateni wazi mbele ya koo, mgonjwa ameze. Plasta ile huwasha. Mkulima mmoja wa Kiganjo alijikuna kwa ufito, punje ya maharagwe ikamdondokea humo, na Wafula aliapa kwamba ilipofunguliwa ilikuwa imeota majani mawili. Mimi sikuyaona hayo majani. Naisiae yeye alijikuna kwa kupuliza hewa chini ya shingo kwa mrija, jambo alilolibuni mwenyewe, na baadaye wodi nzima ikaiga.

Mzee Parsaloi alirudi siku ya kukata plasta, na safari hii kibuyu cha maziwa kimening'inia begani. Wafula ndiye aliyeshika msumeno. Shingo ilipotoka ilikuwa nyembamba, nyeupe kwa unga, ngozi inabanduka. Naisiae aliketi wima, anatazama mbele kama fisi, maana pale palipounganishwa hapakunjiki tena, mtu anageuka mwili mzima. Mzee akamfungulia kibuyu, akampa. Naisiae akaupeleka mkono wa kulia. Akakipokea kwa huo mkono peke yake.

Kwa kuwa kichwa hakikuweza kurudi nyuma, ilibidi kibuyu kipande juu zaidi, na maziwa mengine yakamshukia kidevuni, yakachora njia kwenye unga wa plasta mpaka kifuani. Lakini koo lilikuwa linameza. Linameza, na linameza tena.

"Unamwaga, binti!" Wafula akasema.

Naisiae akateremsha kibuyu apumue. "Ni ya ng'ombe wetu," akasema. "Acha yamwagike." Akakiinua tena.